Gemu Haiishi Dukani Kama Sukari: Kaka wa "Oda Mapema", Hela za Madogo Ziko Wapi?

Naanza bila salamu, maana salamu leo zitanichelewesha.

Kuna kaka mmoja hapa mjini, simtaji jina, mnamjua. Ana wafuasi kibao, ana kile kiti cha gemu chenye taa nyekundu, na kila wiki anaingia laivu kavaa hedifoni kubwa kama rubani wa ndege. Tangu mwezi wa sita wimbo wake ni mmoja: weka oda mapema ya GTA 6, nafasi zinaisha. Unatuma elfu hamsini kwenye namba yake ya simu, jina lako linaandikwa kwenye daftari, inayobaki utamalizia gemu ikitoka. Ukimuuliza risiti anakujibu "niamini bro" na emoji ya mikono miwili.

Tukae hapa kidogo. Naandika hii Agosti 2025. Hiyo GTA 6 ilitakiwa itoke mwaka huu, wakaisogeza mpaka 2026. Wenye gemu yao hawajataja bei. Hawajafungua oda kwa mtu yeyote, si Marekani, si Dubai, si Kariakoo. Sasa huyu kaka hizo "nafasi" amezipata wapi? Na hiyo "inayobaki" ni shilingi ngapi, kama hakuna binadamu nje ya kampuni anayejua bei? Anachouza hapo sio gemu, wanangu. Anauza foleni ya duka ambalo halijajengwa.

Dogo mmoja wa Mbagala alinitumia ujumbe wiki iliyopita. Yuko form four, hela aliipata kwa kumsaidia mjomba wake kubeba mizigo likizo nzima. Katuma elfu hamsini. Alipoona habari za 2026 akaomba irudishwe, akaambiwa "oda hairudishwi, soma masharti". Masharti gani? Aliyatafuta ukurasa mzima hayapo. Kabla hajamaliza kutafuta akawa ameshablokiwa. Skrinishoti ninazo, namba zimefichwa, na wewe kaka ukisoma hapa ujue ninazo.

Lakini nisimuonee yeye peke yake. Huyu mchezo kausomea kwa wakubwa. Kampuni kubwa za gemu za Ulaya, Marekani na Japani zinafanya hivyo hivyo kila mwaka, tofauti ni kwamba wao wanatoa risiti. Ndiyo maana nasema, na nitasema hata mkinitukana kwenye komenti: kulipia gemu kabla haijatoka ni ujinga ambao tumefundishwa kuuona ni ujanja.

Zamani kuoda mapema kulikuwa na sababu. Gemu ilikuwa kaseti au CD, duka linaletewa boksi ishirini, ukichelewa unakuta zimeisha, unasubiri mzigo mwingine. Hapo sawa, weka jina. Leo gemu nyingi unaipakua kwenye intaneti. Faili linaisha vipi? Umeshawahi kusikia mtu kaenda YouTube kuangalia video akaambiwa zimeisha, rudi kesho? Sukari inaisha dukani. Mafuta yanaisha sheli. Gemu ya kupakua haiishi. Ile "wahi kabla" kwenye tangazo haiogopi gemu kuisha, inaogopa wewe kupata taarifa.

Maana siku gemu inapotoka ndiyo siku ukweli unapotoka. Kabla ya hapo unachokiona ni trela, na trela imetengenezwa na watu wanaolipwa ili uitamani. Hii kitu bibi zetu walishaipa jina, kununua mbuzi kwenye gunia. Ila bibi zetu angalau walikuwa wanamsikia mbuzi analia humo ndani.

Mfano mkubwa kuliko wote ni Cyberpunk 2077. Ilitangazwa 2012. Ikaahidiwa Aprili 2020, ikasogezwa Septemba, ikasogezwa Novemba, ikatoka tarehe 10 Desemba 2020. Watu waliokuwa wameshailipia kabla ya siku hiyo walikuwa milioni 8. MILIONI NANE. Kampuni yenyewe ikatangaza kwa wawekezaji wake kwamba mapato ya oda za mtandaoni peke yake yameshapita gharama za kuitengeneza na za kuitangaza mwaka huo. Yaani asubuhi ya siku ya kutoka, kabla mtu wa kawaida hajabonyeza pedi, hela imesharudi na faida inahesabika. Hapo nani ana haraka ya kurekebisha kitu?

Na wachambuzi waliopewa gemu mapema walipewa ya kompyuta tu. Ya PS4 na Xbox One hawakupewa, na hata ile ya kompyuta hawakuruhusiwa kuonyesha video walizorekodi wenyewe, walipewa za kampuni. Sasa waliokuwa na PS4, na huku kwetu wengi ndiyo tunazo hizo, walikutana na kimeo sebuleni kwao. Gemu inaganda, watu hawana sura, gari linatokea hewani, halafu inajizima. Wiki moja baadaye Sony wakaitoa dukani kwao kabisa na kurudishia watu hela. Ikakaa nje karibu miezi 6.

Kichekesho sasa. Gemu hiyo hiyo leo ni nzuri sana. Apdeti ya 2.0 ilipokuja Septemba 2023 iliigeuza kabisa. Aliyesubiri kanunua gemu nzima kwa bei iliyokatwa. Aliyewahi kalipa bei kamili kwa gemu mbovu, na kampuni ikatumia malalamiko yake kama orodha ya vitu vya kurekebisha. Fundi anamlipa mteja au mteja anamlipa fundi? Hapa mteja kalipa, kafanya na kazi.

Mtasema hiyo ni moja. Haya, twende kwenye mpira, maana huko ndiko roho zenu zilipo. Wote hapa tumekua na PES. Mwaka 2021 Konami wakaiua jina wakaleta eFootball, bure, Septemba 30. Kama mlikuwepo mnakumbuka zile sura za Messi na Ronaldo, wachezaji wanapita kama wanateleza kwenye barafu, refa haeleweki. Ilipondwa mpaka kampuni ikaomba radhi. Ila kitu ambacho wengi hawakukijua ni kwamba ingawa gemu ilikuwa bure, kulikuwa na kifurushi cha wachezaji ambacho watu walishakilipia kabla. Gemu yenyewe ikaahirishiwa toleo lake kamili mpaka mwaka uliofuata, na zile oda ikabidi zifutwe watu warudishiwe chao. Fikiria, unalipia kabla kitu cha kwenye gemu ya bure. Hapo ukimwambia mtu kapigwa anakununia.

Halafu GTA yenyewe, hii hii mnayoiwekea foleni. Novemba 2021 walitoa zile tatu za zamani, GTA 3, Vice City na San Andreas, "zimeboreshwa", karibu dola 60. San Andreas! Gemu ambayo kila mtoto wa mjini anajua namba za siri za bunduki kuliko jedwali la kuzidisha. Watu wakanunua kwa macho yamefumba, nani angetilia shaka San Andreas? Ikatoka mvua inanyesha kama mtu kamwaga nyuzi nyeupe kwenye kioo, huoni barabara, sura za watu zimevimba, mabango yana makosa ya spelingi. Kampuni ikaomba radhi. Na kabla ya kuitoa walikuwa wameshaziondoa zile za zamani kwenye maduka ya mtandaoni, ili usiwe na pa kukimbilia. Jina kubwa sio dhamana, jamani. Jina kubwa ndilo linalowapa ujasiri wa kukuletea kimeo.

Na Concord mnaijua? Hamuijui, na ndiyo maana naitaja. Sony wenyewe, Agosti 23, 2024, dola 40. Septemba 6 wakaizima. Wiki mbili. Gemu ya kucheza mtandaoni tupu, seva zikizimwa una picha tu kwenye kioo. Angalau hela walirudisha.

Hapo kwenye kurudisha ndipo naomba mnisikilize vizuri, maana wale wa kwenye YouTube wanaosema "oda tu, ukiona mbaya unarudishiwa" wanaongea na watu wa kwao.

Ni kweli, Steam ukilipia kabla unaweza kufuta muda wowote kabla haijatoka, na ikishatoka una siku 14 ili mradi hujacheza zaidi ya saa 2. Huo ni utaratibu wa kueleweka, nawapa maua yao. PlayStation unaweza kufuta kabla ya siku ya kutoka, lakini ukishaanza kuipakua tu, imekula kwako, labda gemu iwe na hitilafu kweli. Na wengi wenu mashine inapakua yenyewe usiku mkiwa mmelala.

Sasa ongeza maisha yetu juu yake. Tanzania haimo kwenye orodha ya nchi za PlayStation. Akaunti yako umeiandikisha Marekani, Uingereza au Afrika Kusini, hela umeweka kwa kadi ya zawadi uliyonunua kwa jamaa wa mjini ambaye kaongeza cha juu chake. Ukirudishiwa, hela inarudi kwenye pochi ya akaunti, hairudi kwenye simu. Huwezi kwenda kwa wakala ukaitoa ukalipa kodi. Imeshakuwa hela ya gemu milele. Na hao ndio wenye bahati, wenye akaunti yao. Wapo mliouziwa nafasi kwenye akaunti ya mtu, mnashea wawili watatu, siku jamaa akibadilisha neno la siri gemu zote zimeondoka nalo. Hao mnamdai nani? Mnapeleka wapi? Polisi mtasema nimeibiwa faili?

Gemu mpya sasa hivi ni dola 70. Ukichanganya na makato na cha juu cha muuza kadi hiyo inagonga laki na themanini hadi mbili. Kwa kijana anayelipwa kwa siku hiyo sio hela ya kujaribia. Na bei bado zinapandishwa. Mwaka huu Nintendo wameweka Mario Kart World dola 80. Microsoft nao wakaiwekea The Outer Worlds 2 dola 80, kelele zilipokuwa nyingi mwezi uliopita wakashusha mpaka 70, waliokuwa wameshaoda wakaambiwa watarudishiwa. Umeona? Waliosababisha bei ishuke ni waliogoma. Waliooda mapema walikuwa wameshasema ndiyo.

Nije kwa wenye vibanda, maana kuna msanii mmoja, simtaji pia, ngoma yake moja ilibamba mwaka juzi, sasa hivi ameshikishwa pedi kwenye matangazo ya duka fulani anawaambia wenye vibanda "chukua FC 26 Ultimate, wateja wako wacheze kabla ya wote". Huyo kaka kwenye video kashika pedi juu chini. Sitanii, ile sehemu ya waya inatazama kwake.

Tufanye hesabu ambayo yeye hakufanya. Ultimate ni dola 100. Kwa rate ya leo hiyo ni laki mbili na nusu na ushee. Unachopata ni kuanza Septemba 19 badala ya 26, wiki moja, pamoja na pointi za Ultimate Team ambazo mteja wa kibandani hazimhusu, yeye anataka achague Madrid ampige rafiki yake. Mechi kibandani mia tano. Unahitaji mechi mia tano ili tu hela ya gemu irudi, hujanunua LUKU, hujalipa fremu, hujanunua pedi mpya baada ya mtu kufungwa dakika ya tisini na kuirusha ukutani. Wiki moja ni ngumu kukurudishia yote hiyo. Na baada ya hiyo wiki kila kibanda kinayo, faida yako iko wapi?

Halafu gemu za mpira za kila mwaka ndizo zinazooza haraka kuliko zote. FC 24 ilitoka Septemba 2023. Mei 2024 ilikuwa inagawiwa kwa kila mwenye PS Plus. Miezi 8. Kila Novemba wakati wa Black Friday bei inakatwa. Mwenye kibanda mwenye akili anasubiri, au ananunua CD, sio ya kupakua, maana CD mwakani ataiuza au ataibadilisha na mtu wa Makumbusho akaongeza kidogo. Ya kupakua huwezi kumuuzia mtu. Na kama fundi wa mtaani kwako anaweza kuweka usajili mpya na jezi za Simba na Yanga kwenye PES ya zamani, wateja wako wengine hata hawatauliza FC ni nini.

Najua kuna mdau atakuja na ile ya "hela yangu, unateseka wewe?" Sawa, ya kwako. Ila ukilipia kabla, unanilipisha na mimi. Kampuni haiangalii moyo wako inaangalia namba. Wakiona milioni kadhaa wamelipa kwa trela, gemu inayofuata itakuja hivyo hivyo, nusu mbichi. Hela ndiyo kura pekee tuliyonayo kwa watu wasiojua hata tupo.

Mwingine atasema mbona God of War Ragnarök walioda watu na ikatoka kali. Kweli kali. Na mimi niliyeinunua baada ya kusoma wachambuzi nimepata God of War ile ile, Kratos yule yule, hakupungukiwa hata ndevu moja. Uliyewahi ulipata nini zaidi yangu? Nguo ya Kratos? Gemu nzuri haiharibiki kwa wewe kuchelewa siku tano. Hata wale wanaolipia zaidi ili waanze siku 3 kabla, wakati gemu haijapata apdeti wala seva hazijatulia, mimi naona wanalipa kwa ajili ya kazi ya kujaribu.

Hoja pekee inayonigusa ni ya timu ndogo. Vijana wanne watano wanatengeneza gemu yao, hawana benki, oda zenu zinawasaidia kula. Hapo nakubali kidogo, hasa kama wametoa demo umeicheza kwenye mashine yako ukaona inaenda. Lakini hapo umeshamuona mbuzi, gunia limefunguliwa. Sio sawa na kampuni ya mabilioni inayokuficha video ya PS4.

Kama unataka kujua mimi nachaguaje, sina maajabu. Gemu ikitoka naacha ipite siku kadhaa, naingia YouTube natafuta mtu anayeicheza kwenye mashine kama yangu, sio PS5 Pro ya tajiri, namtazama nusu saa bila kukatwakatwa. Naangalia ukubwa wake, maana gemu ya GB 100 na zaidi kabla ya apdeti sio gemu tu, ni na bando, na wengine bando ni ghali kuliko hamu. Naangalia kama inahitaji intaneti muda wote, na kama kucheza na wenzangu inataka PS Plus kila mwezi. Halafu nawauliza washkaji kwenye grupu nani anayo, maana mara nyingine mmoja anayo CD, tunabadilishana, mchezo umeisha bila shilingi kutoka. Na kama baada ya wiki mbili sina tena hamu nayo, basi sikuwa na hamu na gemu, nilikuwa na hamu na kelele.

Sasa nirudi kwa kaka wa laivu, maana najua wapambe wake wameshamtumia linki. Kaka, hoja yako iko wazi, jibu liwe wazi. Taja ni duka gani au kampuni gani imekupa nafasi za GTA 6. Taja bei kamili. Onyesha masharti unayosema watu wasome. Na yule dogo wa Mbagala mfungulie blok umrudishie elfu hamsini yake, shule zinafunguliwa na yeye ana mitihani Novemba. Ukifanya hivyo naiandika hapa hapa, kwa herufi kubwa, na picha ya kiti chako naweka.

Wengine mliotuma hela kwake au kwa mwingine yeyote, wekeni kwenye komenti tarehe na kiasi, namba za simu msiziweke. Tuhesabu wote tumepigwa shilingi ngapi kwa gemu ambayo haina bei.